Mwongozo kamili wa kulinda magoti, ugoko na mgongo ukiwa jeshini

Watu wakisikia mwanajeshi kaumia wanawaza risasi au bomu. Ila kaa kwenye zahanati ya kambi asubuhi moja tu uangalie foleni: magoti, ugoko, vifundo vya miguu, viuno. Karibu kila jeshi linaloweka hesabu zake vizuri limekuta hivohivo, majeraha ya misuli, mifupa na viungo ndo yanaongoza kwa kuwatoa askari kazini, na mengi wala hayatokani na ajali, yanatokana na mazoezi yenyewe na kazi za kila siku, kukimbia, kutembea na shanta, kuruka, kunyanyua masanduku, kukaa kwenye gari masaa na masaa. Yanakuja polepole, leo panawasha kidogo, wiki ijayo panauma ukikimbia, wiki ya tatu panauma hata ukilala, na hapo ndo mtu anaenda kwa daktari, amechelewa tayari.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa inazuilika. Sio yote, kazi ni kazi, ila kubwa. Mwongozo huu ni kwa kuruta, kwa askari aliyeko kazini na zaidi kwa wakufunzi na viongozi wa vikosi vidogo, manake wao ndo wanaoamua leo watu wanakimbia kilomita ngapi. Hauchukui nafasi ya daktari, unakusaidia kujua lini umfuate.

Hatua ya 1: Anza kabla hujaripoti kambini

Vitu viwili vinavyotabiri vizuri nani ataumia kwenye mafunzo ni pumzi ndogo na jeraha la zamani. Kuruta anayekuja hajawahi kukimbia, halafu siku ya kwanza anaingizwa mchakamchaka na wenzake wenye pumzi, yeye anafanya kazi ngumu mara mbili ya mwenzake kwa mwendo uleule, mwili wake hauna akiba. Uvutaji sigara nao umeonekana mara nyingi kwamba unaongeza hatari ya kuumia, kwahiyo kama unataka kuacha, acha miezi kadhaa kabla, usisubiri uachishwe na mkufunzi.

Jipe wiki 8 mpaka 12. Wiki mbili za kwanza tembea haraka dakika 30 hadi 40, siku nne kwa wiki, na kama hujawahi kukimbia usikimbie bado. Kisha changanya, dakika moja mbio dakika mbili kutembea, siku tatu kwa wiki na kila baada ya siku ya mbio unaacha siku moja. Ongeza taratibu mpaka ufike dakika 30 mfululizo bila kusimama. Siku zilizobaki mbili fanya nguvu: skwati, lanji, kupanda ngazi, kuinua visigino ukiwa umesimama kwa mguu mmoja, planki, pushapu na pulapu. Hizo za kuinua visigino watu wanazidharau sana kwa sababu hazionekani za kiume, ila kigimbi ndo kinachopokea mzigo kila hatua unayokanyaga, kikichoka kazi inahamia kwenye mfupa. Mtu mzima mwenye mguu mzima ajitahidi afikie 20 mpaka 25 kwa mguu mmoja kabla ya kuingia mafunzo.

Na buti ukishapewa, au ukiwa nazo za kwako za aina hiyohiyo, anza kutembea nazo mapema. Usizivae mara ya kwanza siku ya matembezi ya kilomita 15.

Jeraha la zamani usilifiche. Kifundo ulichoteguka mwaka jana na hakikufanyiwa mazoezi ya kurudishwa, kitateguka tena, hilo karibu lina uhakika kwenye ardhi ya mashimo usiku.

Hatua ya 2: Ujue ugoko wako, hapa ndo pagumu

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndo watu wanapotea. Mwaka 1855 daktari mmoja wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt alieleza askari waliokuwa wanavimba miguu na kuumwa unyayo baada ya kutembea sana, bila kuanguka wala kupigwa na kitu. Kipindi hicho mashine ya eksirei haikuwepo, kwahiyo hakuweza kuona kilichopo ndani. Baadaye ndo ikajulikana kwamba ni mifupa ya unyayo inayopata ufa kwa kuchoshwa. Ufa huohuo unapenda pia mfupa wa ugoko, na wakati mwingine shingo ya mfupa wa paja pale nyonga, na huo wa mwisho ndo wa kuogopa.

Kwanini unatokea? Mfupa ni kitu hai, ukiupa kazi mpya unajirekebisha, na unavyojirekebisha ni kama fundi anayekarabati nyumba, anabomoa ukuta wa zamani kwanza ndo ajenge mpya. Kubomoa ni haraka, kujenga ni polepole. Kwahiyo kuna kipindi, wiki chache baada ya mazoezi mazito kuanza, mfupa unakuwa dhaifu kuliko ulivyokuja nao, na kwa bahati mbaya wiki hizohizo ndo ratiba nyingi za kambi zinapandisha kasi kwa sababu makuruta wanaonekana wamezoea. Pumzi imezoea kweli. Mfupa bado.

Sasa jinsi ya kutofautisha. Maumivu ya kawaida ya ugoko yanakuwa upande wa ndani, sehemu ndefu, ukipapasa kwa kidole panauma kwa urefu wa sentimita tano au zaidi, na mara nyingi yanauma mwanzo wa mbio kisha yanapoa ukichemka. Ufa wa mfupa una tabia nyingine, unauma sehemu moja unayoweza kuiziba kwa kidole kimoja, haupoi ukiendelea kukimbia bali unazidi, na ukifikia hatua mbaya unauma hata usiku umelala. Ukiona hivo simamisha mbio na kuruka siku hiyohiyo, sio baada ya jaribio la wiki ijayo.

Kuna na aina ya tatu inayosahaulika: mguu unakaza na kujaa kabisa baada ya muda uleule wa kukimbia, mfano dakika ya kumi, unaanza kufa ganzi unyayo, ukisimama dakika chache unaisha wote kama hakuna kilichotokea. Hiyo ni presha inayopanda ndani ya vyumba vya misuli ya mguu, mwambie daktari hivohivo ulivyoona, manake akikupima ukiwa umepumzika haoni kitu.

Kuhusu eksirei: ya mapema mara nyingi inatoka safi hata kama ufa upo, wiki mbili tatu za kwanza haionekani. Askari anaambiwa huna kitu, anarudishwa uwanjani, na mfupa unavunjika kabisa. Kama dalili zote zipo na eksirei safi, dawa ni kupumzisha mguu na kupigwa picha tena baadaye, au MRI, picha ya mashine ya sumaku, kama inapatikana.

Na hili lishike hata ukisahau mengine yote: maumivu ya kinena au mbele ya nyonga kwa mtu anayekimbia na kubeba sana, yanayoongezeka akikanyaga, hayafanyiwi jaribio la kurukaruka, hayakazwi, hayasubiriwi. Mtu huyo asitembee na uzito tena mpaka aonwe na daktari. Shingo ya paja ikikatika na kuhama, ni opresheni, na hata ikifanyika vizuri kuna wanaobaki na nyonga mbovu maisha yao yote.

Hatua ya 3: Kwa wakufunzi, punguzeni kilomita

Najua hapa kuna watakaonuna. Ila hesabu zipo. Makuruta wa Marine, kikosi cha Marekani cha kushambulia kutoka baharini, waligawanywa kwa kilomita walizokimbia kwenye mafunzo ya wiki 12, kundi moja likakimbia karibu kilomita 89 jumla na jingine karibu 53, yaani asilimia 40 pungufu. Nyufa za mifupa kwenye kundi la kilomita chache zilishuka kwa zaidi ya nusu. Na jaribio la mwisho la maili tatu? Walichelewa kama nusu dakika tu. Nusu dakika kwa kuokoa watu wote hao, mi sioni kamanda gani angekataa biashara hiyo.

Jeshi la Israeli nalo lilihangaika na tatizo hili kwa miaka kama 25, likajaribu viatu, soli za ndani, dawa na kila kitu, mwisho kilicholeta nafuu kubwa zaidi kilikuwa kupunguza jumla ya matembezi na kuhakikisha makuruta wanalala angalau masaa sita. Nyufa zikashuka kwa zaidi ya asilimia 60. Usingizi! Kitu ambacho hakinunuliwi, na ndo cha kwanza kukatwa kwenye ratiba.

Australia kulikuwa na shida ya makuruta wanawake kupata nyufa za nyonga, kwa sababu walikuwa wanalazimishwa kurefusha hatua ili waendane na wanaume warefu kwenye safu. Wakashusha mwendo kutoka kilomita 7.5 kwa saa hadi 5, kila mtu akaruhusiwa hatua yake mwenyewe, mbio zingine zikahamishiwa kwenye majani badala ya barabara. Kutoka kama asilimia 11 waliokuwa wanapata nyufa hizo ikabaki chini ya asilimia moja. Somo la vitendo: kwenye matembezi na mchakamchaka weka wafupi mbele, wao ndo waweke mwendo. Ukiwaweka nyuma watakuwa wanakimbia kufukuzia muda wote huku wa mbele anatembea.

Kwa ratiba yako ya wiki fanya hivi. Andika kwenye karatasi moja KILA kitu kinachokanyagisha ardhi, sio mazoezi ya asubuhi tu, weka kwata, weka kukimbia kwenda kula, weka adhabu, weka kutembea kwenda uwanja wa shabaha na kurudi. Utashtuka jumla. Kisha gawanya watu kwa uwezo wa kukimbia, makundi matatu hata manne, badala ya kikosi kizima mwendo mmoja. Usiweke siku mbili mfululizo za kazi nzito ya miguu, na kila wiki ya tatu au ya nne ishushe makusudi, fundisha silaha, ramani, huduma ya kwanza, redio. Adhabu za kurukaruka na kukimbia na mzigo zinaongeza kilomita ambazo hakuna aliyezipanga, kama lazima uadhibu wape usafi wa bweni.

Hatua ya 4: Mzigo wa mgongoni

Mwongozo wa jeshi la Marekani uliweka mzigo wa kupigania, yaani unaobaki nao ukiingia kwenye mapigano, kama kilo 22 na wa kutembelea, yaani wa safari ya kwenda huko, kama kilo 33. Walipokwenda kupima askari wao wenyewe Afghanistan mwaka 2003 wakakuta wa kupigania unakaribia kilo 29 na wa kutembelea unafika 46, kuna hata wa dharura uliokaribia 60. Kwahiyo usishangae magoti na migongo yanalia, karatasi inasema kingine na mgongo unabeba kingine.

Kanuni rahisi ya kutumia: mzigo wa kupigania usizidi asilimia 30 ya uzito wa mwili na wa kutembea usizidi 45. Angalia hiyo maana yake, mwenye kilo 90 na mwenye kilo 58 wakipewa kilo 30 sawasawa, yule mdogo anabeba zaidi ya nusu ya mwili wake. Redio na bunduki nzito zizungushwe kati ya watu, na kiongozi apekue mashanta kabla ya kutoka, sio kutafuta kilichokosekana tu, atafute na kilichozidi. Kila mtu anabeba kitu cha "huenda nikahitaji", kusanya vya kikosi kizima uone kilo zinavyojaa.

Kupakia: vizito viwe juu ya katikati na karibu kabisa na mgongo, vyepesi kama nguo za kulalia chini na mbali. Kwenye ardhi ya kuyumba, mawe au miteremko, shusha vizito kidogo ili usiangushwe. Mkanda wa kiuno ukae juu ya mfupa wa nyonga, uufunge kwanza ndo uvute mikanda ya mabega. Kila nusu saa legeza mabega na uukaze wa kiuno, dakika kumi baadaye geuza, hivo hakuna sehemu moja inayobeba mfululizo.

Mikanda ya mabega ina hatari yake. Ikibana mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kuelekea mkononi, mkono unakufa ganzi, unaishiwa nguvu, wengine bega la nyuma linatokeza kama bawa. Wengi wanapona ila inachukua wiki, wakati mwingine miezi. Ganzi ya dakika mbili inayoisha ukivua shanta ni onyo, ganzi ya siku ya pili ni ya daktari. Mkanda wa kiuno nao ukikaza sana, au fulana ya kuzuia risasi ikikubana pale mbele ukiwa umekaa, unaweza kupata ganzi na moto ubavuni mwa paja. Inatisha ila mara nyingi inaisha ukiondoa kinachobana.

Kuzoesha mwili kubeba ni mara moja kila siku saba mpaka 14, inatosha kabisa ikichanganywa na mazoezi ya nguvu na pumzi. Kubeba kila siku hakukuongezei kitu zaidi ya foleni ya zahanati. Anza na asilimia 15 hadi 20 ya uzito wako kwa kilomita 4 au 5, kisha ongeza KIMOJA tu kila safari: ama uzito, ama umbali, ama mwendo, ama milima. Ukiongeza viwili kwa mpigo na mtu akaumia hata hutojua kipi kilimuumiza. Na kukimbia na shanta kwenye mazoezi mi siungi mkono kabisa, nje ya hatua chache za kuvuka eneo la hatari.

Hatua ya 5: Buti na soksi

Kilo moja ya mguuni inakula nguvu mara nne hadi sita ya kilo moja ya mgongoni, kwahiyo buti nyepesi sio anasa. Pima jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazotumia, na mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Ile habari ya kuchagua kiatu kwa umbo la wayo, bapa au wenye upinde, imejaribiwa kwenye majeshi ya Marekani kwa maelfu ya makuruta na haikupunguza majeraha, chagua kinachokaa vizuri basi.

Malengelenge: soksi nyembamba isiyonyonya maji ndani, nene nje, badilisha zikilowa, na ukisikia joto sehemu moja simama ubandike plasta hapohapo. Mtu mwenye lengelenge anabadilisha anavyokanyaga bila kujua na kesho yake goti linauma.

Kunyoosha viungo, kula, kulala

Kunyoosha ukiwa umesimama sekunde 20 kila msuli kabla ya mbio, hiyo imezoeleka kila mahali. Australia waliijaribu kwa makuruta 1,538, nusu wakanyoosha nusu hawakunyoosha, majeraha yakawa sawa tu. Hizo dakika tumia kuuchemsha mwili: kutembea haraka, mbio ndogo, skwati, kuruka kidogo, kuzungusha nyonga. Ukipenda kunyoosha, nyoosha jioni, hakuna ubaya.

Chakula ni mfupa. Anayefanya kazi nzito huku anakula pungufu, mwili unaanza kubana matumizi na mfupa ndo wa kwanza kuachwa. Utafiti uliotoka 2008 kwa makuruta wanawake wa jeshi la majini la Marekani, zaidi ya 5,000, uliwapa nusu yao miligramu 2,000 za kalsiamu na uniti 800 za vitamini D kila siku, nyufa zikapungua kwa asilimia 20. Kwa mwanamke hedhi ikikata wakati wa mafunzo usifurahie kwamba umepumzika, hiyo ni taa nyekundu kwamba unakula kidogo kuliko unavyotumia na mifupa inalipa. Mwambie daktari au nesi, na ongeza chakula.

Hatua ya 6: Mgongo na shingo, hata wa ofisini

Sio makuruta tu. Fundi wa magari anayenyanyua tairi na betri, mpishi wa masufuria ya kikosi kizima, dereva, karani, wote wamo. Dereva wa gari la kijeshi anatikiswa kutwa, mgongo unachoka, halafu akifika anaruka kutoka juu na kuanza kushusha mzigo palepale. Usifanye hivo. Shuka kwa kukanyaga stepu, tembea dakika tano kumi, ndo unyanyue. Mzigo wa watu wawili ubebwe na watu wawili na mmoja ahesabu, kamwe usinyanyue huku umejipinda.

Marubani na wanaovaa darubini za usiku kwenye kofia, uzito wote uko mbele ya uso, misuli ya nyuma ya shingo inavuta muda wote. Uzito wa kusawazisha nyuma ya kofia unasaidia wengi, na mazoezi ya shingo mara mbili kwa wiki, unasukuma kichwa kwenye kiganja pande nne bila kukisogeza, sekunde kumi kumi.

Kiuno kikishika, kulala kitandani siku nzima kunachelewesha kupona. Tembea tembea, badilisha mkao, punguza kunyanyua kwa siku chache, wengi wanapata nafuu ndani ya wiki kadhaa. Na ukipigwa MRI ukaambiwa diski, ule mto kati ya mifupa ya mgongo, imetokeza usidhani maisha yameisha, watu wengi wasioumwa kabisa nao wanazo hizo diski.

Hatua ya 7: Umeshaumia, sasa fanya nini

Kwanza dalili za kukimbilia hospitali bila kujadiliana: ganzi sehemu za siri na makalio au kushindwa kujizuia au kupata mkojo pamoja na maumivu ya mgongo, mguu au mkono unaovimba, umekaza kama ubao na maumivu hayalingani na jeraha, mkojo wa rangi ya chai nzito baada ya mazoezi makali, hiyo ni misuli inavunjika na figo ziko hatarini, kiungo kilichokaa vibaya, na kinena kama nilivyosema.

Kifundo kikiteguka, jiulize mambo mawili. Unaweza kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea? Ukibonyeza mfupa wenyewe, ncha na ukingo wa nyuma wa vile vifundo viwili vya pembeni mpaka sentimita sita kwenda juu, panauma? Huwezi hatua nne, au mfupa unauma, nenda eksirei. Bonyeza pia mfupa uliotokeza katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, na ule wa juu ya upinde upande wa ndani, navyo vinavunjika. Kama hakuna hata kimoja, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana: bandeji ya kubana, inua mguu, barafu kwa kutuliza maumivu, na ndani ya siku mbili tatu anza kuuchezesha. Kuanzia hapo kila siku simama kwa mguu huo mmoja, macho wazi kisha umefumba, wiki sita na zaidi. Watu wanaacha maumivu yakiisha, kifundo kinateguka tena mwezi ujao.

Dawa za maumivu kama brufeni na diklofenaki ni za siku chache. Usizimeze ili umalize matembezi, zinaficha ufa unaokua, na ukiwa umekaukiwa maji kwenye joto zinaumiza figo. Na kitu ambacho wengi hawajui: antibayotiki ya siprofloksasini, ile inayotolewa sana kwa kuhara, inaweza kudhoofisha kano ya kisigino mpaka ikakatika. Kisigino kikianza kuuma ukiwa unaitumia, acha mazoezi na umwambie aliyekuandikia.

Hatua ya 8: Ripoti mapema, kwa maandishi

Sababu ya watu kuficha inajulikana, hawataki kuitwa wavivu, hawataki kurudishwa nyuma na kuanza upya na kundi jingine. Ila mguu ulioripotiwa siku ya tatu unapumzishwa wiki, mguu ulioripotiwa wiki ya tano unapumzishwa miezi. Ukiingia kwa daktari usiseme tu mguu unauma. Sema ni wapi kwa kidole, ulianza lini, ulikuwa unafanya nini, unaongezeka na nini, unapoa na nini, usiku vipi.

Na ukipewa karatasi ya ED, ile ya kupumzishwa kazi, omba iandikwe unachoweza kufanya, sio usichoweza peke yake. "Asikimbie, asiruke, asibebe zaidi ya kilo 10 kwa wiki tatu, aruhusiwe kuogelea, baiskeli na mazoezi ya mikono" inamsaidia kiongozi wako kukupangia kazi, tofauti na "apumzike" ambayo inakufanya ukae bwenini unapoteza pumzi na unarudi dhaifu zaidi ya ulivyotoka.

Hatua ya 9: Kurudi kazini kwa ngazi

Ngazi ya kwanza ni kutembea haraka dakika 30 bila maumivu wakati huo wala kesho yake asubuhi. Ya pili, kuinua kisigino cha mguu ulioumia na kuruka kwa mguu huo mara kumi bila maumivu (mwenye ufa wa nyonga hii haimhusu, yeye anafuata daktari wake tu). Ya tatu, mbio dakika moja kutembea nne, mara sita, siku moja mbio siku moja kupumzika, unaongeza mbio na kupunguza kutembea mpaka dakika 30 kamili, hiyo itakula wiki nne mpaka sita hivi. Ya nne, kubadilisha mwendo, kugeuka ghafla, kuruka vizuizi. Shanta linakuja baada ya hapo, na linaanza na ule uzito mdogo wa hatua ya 4, sio na kilo za wenzako. Kwa ufa wa mfupa maumivu yanayoruhusiwa ni sifuri. Kwa kano na misuli, maumivu unayoyapa alama mbili au tatu kati ya kumi yanavumilika kama kesho yake yameisha. Yakizidi, rudi ngazi moja chini kwa siku kadhaa kisha jaribu tena.

Katika safari hii yote weka nakala ya kila karatasi: ripoti ya tukio, ED, picha, barua za fiziotherapia, tarehe na kazi uliyokuwa unafanya. Kabla hujatoka jeshini omba nakala ya faili lako la afya na ufanyiwe uchunguzi wa mwisho, goti na mgongo vyote viandikwe hata kama siku hiyo haviumi, kwa sababu ukija kudai fidia baadaye utaulizwa ushahidi kwamba ulianza kuumwa ukiwa kazini, na mkufunzi aliyekuona siku hiyo atakuwa ameshastaafu.